Mtu Wetu

Afisa wa kazi alinipa daftari, kalamu mbili,
na nauli ya kwenda tu.
"Owora," kasema, "kahesabu wafanyakazi.
Wa kweli. Wale ambao sheria inawajua."

Nikaanzia nyuma ya Mwamba wa Tororo, machimboni.
Mama Nyaketcho anaponda kokoto,
amekata tairi kuukuu likawa pete
ya kuzuia jiwe lisimrukie jicho.
Mwajiri wako nani?
Kacheka mpaka vumbi likamkaba.
"Debe. Likijaa, limenilipa.
Lisipojaa, nimejifukuza mwenyewe."
Saa ngapi kwa siku?
Akatazama kidole kisicho na ukucha
kana kwamba jibu liliandikwa pale, likang'oka nao.
Safu ile nikaiacha wazi.

Kwenye kiwanda cha magunia, Etyang
alinionyesha kadi yake ya kibarua:
miezi mitatu na siku ishirini na nane.
Ukitimiza minne, sheria inadai karatasi, mkataba, sahihi,
basi kabla haijatimia humwachisha,
humpumzisha Jumapili moja,
na Jumatatu humwajiri upya, mpya kama yai.
"Miaka sita," kasema, "na bado mimi ni mgeni hapa."
Nilimwandika mara moja.
Kadi zilikuwa kumi na nane.

Mlinzi wa ghala, Mzee Opendi, hakujibu swali hata moja.
Alinivuta hadi ukutani, akamulika kwa tochi
maneno aliyoyaandika kwa mkaa:

*Nalinda mchele wao, na mchele siujui,*
*Usiku ni mtu wao, mchana hawanijui,*
*Nahesabu saa zao, zangu hawazitambui,*
*Hukua watoto wao, mshahara haukui.*

"Hiyo," kasema, "igonge muhuri."

Kima cha chini kipo, nisije nikasema hakipo.
Elfu sita kwa mwezi,
kimewekwa kabla sijazaliwa,
na tangu hapo hakuna aliyekigusa,
kama sahani ya marehemu.
Siku hizi ni posho na maharage, na chai ukibahatika.

Nauli ya kurudi haikuwapo. Nilitembea.
Nikafika kwangu saa tatu usiku, viatu vyeupe kwa vumbi,
moyoni nikitunga ripoti kali,
nimeshapata hata neno la kufungulia: *aibu*.

Nabwire akafungua geti kabla sijabisha.
Akapokea daftari. Akapokea viatu.
Maji yalikuwa yamepashwa, mtoto kalazwa,
sare za kesho zimenyooshwa, zinaning'inia mlangoni.
Aliamka saa kumi na moja alfajiri;
najua, kwa sababu ufagio wake ndio saa yangu ya kuamkia.

Majirani tumewaambia ni binti wa shangazi yangu.
Shangazi yangu hakuzaa binti.
Lakini sheria ina kijimlango cha nyuma:
shughuli ya familia, ndugu wasiozidi watano,
humo haiingii, inakohoa nje na kupita.
Na sisi ni watu wazuri. Tunakula naye chungu kimoja.
Akiugua tunamnunulia dawa.
Mshahara, mke wangu anamwekea; siku akiolewa atapewa.
Mtu wetu huyu.

Nilipotoka kuoga alikuwa ameketi sakafuni,
kiatu kimoja mkono wa kushoto,
daftari limefunguka magotini.
Darasa la saba alimaliza, huwa nasahau.
"Mmepata wangapi?"
Arobaini na mmoja.
Akafuatisha mistari kwa kidole chenye kiwi,
polepole, mpaka chini ya ukurasa.
"Hapa pana nafasi," kasema.
Hakuniangalia. Alikuwa anatafuta pa kufuta kidole.

Kalamu zilikuwa mbili.
Ya pili nilikuwa sijaifungua kifuniko.
Niliitoa mfukoni, nikabaki nimeishika,
na maji yalikuwa yananidondoka kwenye sakafu
aliyokwisha kuipiga deki.